Elimu kwa Umma: Mwimbaji Anapokohoa Jukwaani

Kufuatia malalamiko yaliyoletwa kwenye dawati letu la utamaduni hapa Tabora baada ya onesho la sauti ya mtu mmoja, ambapo baadhi ya watazamaji walidai kurudishiwa kiingilio kwa sababu mwimbaji "hakuimba bali alikohoa, akacheka na kunong'ona", tumeona vyema kutoa ufafanuzi.

Dai hilo lina ukoo mrefu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika andiko lake kuhusu nafsi, alitenga kikohozi na sauti, kwa kuwa sauti kwake ni mlio wenye maana na si pumzi iliyogonga koo tu. Walalamikaji wangeweza kumtumia kama shahidi, ila kikohozi cha jukwaani hukusudiwa. Mtunzi wa muziki Mwitalia, Luciano Berio, katika Sequenza III, kazi ya sauti ya mtu mmoja aliyomtungia mwimbaji Cathy Berberian katikati ya miaka ya 1960, aliandika vicheko, vikohozi na minong'ono kwenye karatasi ya nota, kila kimoja mahali pake, hivyo shahidi huyo anageuka kuwa wa upande wa pili.

Wapo wanaoanzia kwingine kabisa. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes, mwaka 1972, alitaka tusikilize mwili uliomo ndani ya sauti, yaani koo, ulimi na meno, kabla ya kuuliza maneno yanasema nini. Naye mwanafalsafa Adriana Cavarero wa Italia anashikilia kwamba sauti humtambulisha mwenyewe, mtu huyu na si mwingine. Anayeona haya ni mambo ya Ulaya aende harusini Isevya. Bibi harusi akishuka garini, kigelegele hupigwa, ulimi ukicheza upesi na pumzi ikitoka, bila neno hata moja. Hakuna anayedai tafsiri, na walio ndani hujua ni shangazi yupi amefika.

Ofisi haimlazimishi mtu kupenda. Lalamiko hupokelewa kwa barua, nakala tatu, likitaja tarehe, saa na ukumbi, na kuambatishwa kipande cha tiketi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haupokelewi, na hili tumelisema mara nyingi. Tunashughulikia msanii asiyesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, onesho lisilo na kibali, matusi, na mwandaaji aliyetangaza taarabu akaleta kitu kingine, ambaye anaweza kutozwa faini au kusimamishwa. Kukohoa hakumo. Mapepo, yaliyotajwa katika barua moja, hayamo pia.

Barua isemayo "alipiga kelele" tutairudisha ili mwandishi aeleze kelele yenyewe: ya kooni au ya puani, ndefu au ya kukatika, na ilifuata mlio gani. Mzee mmoja aliyerudishiwa barua yake alileta kurasa mbili za maelezo ya namna hiyo. Suala la kiingilio lilikuwa limebaki mstari mmoja, chini kabisa, karibu na sahihi.