Mama, usisimame pembeni siku ya uhakiki wa shamba

Vijiji vingi vya Mbeya, Iringa na Njombe viko kwenye upimaji wa mashamba na utoaji wa hati za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, na kadiri kazi inavyosonga ndivyo ofisi zetu za ardhi zinavyopokea malalamiko ya aina moja. Mama amelima shamba miaka yote, kisha anagundua limeandikwa jina la mume peke yake. Au limekodishwa kwa mtu wa parachichi kwa muda mrefu na yeye hajui bei wala masharti. Zamani jambo hili lingeweza kupita kimya. Sasa parachichi limepandisha thamani ya ardhi Rungwe na Njombe, misindano na mikaratusi imeipandisha Mufindi na Kilolo, na mti ukishapandwa hauondoki msimu ujao kama mahindi. Aliyetia saini ndiye anayebaki na shamba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi kwa masharti yaleyale anayopewa mwanaume. Kifungu cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo tunapofika kijijini tukaambiwa "kwetu mwanamke haandikwi", jibu letu ni lilelile kila mara, na tungependa tuache kulirudia.

Lakini kikwazo tunachokutana nacho mara nyingi si baba mkali. Ni mama mwenyewe. Siku ya uhakiki kijana wa kijiji aliyefundishwa kazi anazunguka mpaka wa shamba akiwa na kishikwambi, majirani wote wanakuwepo, na anayejua mpaka umepita wapi ni mama. Yeye ndiye anayesema hapa palikuwa na mti ukaanguka, pale jirani alisogeza masale tukasuluhishwa, mpaka unakunja kwenye lile jiwe. Mume anamfuata nyuma akiuliza. Wakimaliza, kijana anauliza niandike jina la nani, na mama anarudi nyuma hatua mbili: "Andika la baba, mimi nipo tu."

Hupo tu, mama. Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Ikiwa kupika na kulea kunahesabiwa, kupalilia viazi miaka kumi na tano kutakosaje kuhesabiwa? Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo wa 1999, inaeleza kwamba hata hati ikiwa na jina la mmoja, mwenzake aliyechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi hiyo anahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Ila haki isiyoandikwa inabidi uipiganie barazani kwa mashahidi. Iliyoandikwa unaionyesha tu.

Sasa fomu ya kuomba hati. Ukiandikwa peke yako, umiliki ni wa mtu mmoja. Mkiandikwa wawili mtaulizwa kama ni umiliki wa pamoja au wa hisa, na hapa watu wanajibu harakaharaka ili wakapumzike. Msijibu haraka. Katika umiliki wa pamoja hakuna fungu la huyu wala la yule. Mmoja akifariki, aliyebaki anaendelea kuwa mmiliki wa shamba lote. Katika umiliki wa hisa kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Wajane wengi wanaofika ofisini wakilia wasingefika kama neno moja kwenye fomu lingechaguliwa kwa utulivu. Kwa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, ushauri wetu ni kila shamba liandikwe pamoja na mke anayelilima.

Baadhi ya kina baba wanaamini tunagawa mashamba ya wanaume. Hatugawi kitu. Na anayedhani akimwandikisha mkewe leo atafukuzwa kesho hajaisoma fomu, kwa sababu jina lake yeye pia limo, na mke hawezi kuuza bila saini ya mume.

Binti au mwanamke asiye na mume anaomba hati kwa jina lake mwenyewe. Hatakiwi kuja na kaka. Walioishi pamoja bila cheti cha ndoa nao wanaweza kuandikwa wote wawili. Isitoshe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa wanunuzi: kifungu cha 59 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukinunua kimyakimya, umenunua nyumba yenye mtu ambaye sheria inamruhusu kuendelea kukaa humo. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mnunuzi na mkopeshaji waulize kama mwenza ameridhia. Muuzaji akiwadanganya, mwenza huyo anaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Kusema "nilimwamini mzee" hakukusaidii.

Mgogoro ukitokea, afisa ardhi hahukumu. Anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na wanawake wasiopungua watatu. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mirathi ya kimila si kazi yetu kabisa. Hiyo ni ya Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, yaani Fomu Namba V na VI, na mjane ana haki ya kuuliza zimefika wapi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanahudumia bure wasio na uwezo.

Siku ya uhakiki njoo na namba yako ya NIDA hata kama mume yuko Chunya au Tunduma kwa shughuli zake. Usisubiri arudi ndipo mpaka uonyeshwe. Ramani ya awali ikibandikwa ofisi ya kijiji, nenda ukasome jina lako limeandikwaje, herufi kwa herufi, na kama halimo weka pingamizi hapohapo kwa Mtendaji wa Kijiji. Hati ikishatoka kwa jina moja, fikeni wote wawili kwa Mtendaji mwandike maombi ya kuongeza jina. Halmashauri ya Kijiji ikiridhia, yanapelekwa Masjala ya Ardhi ya Wilaya, na nakala ya kijiji nayo irekebishwe, maana hiyo ndiyo husahaulika.