Wati 50 za kwenye boksi la redio ya gari
Wengi wakichoshwa na redio iliyokuja na gari hununua nyingine iliyoandikwa "50W x 4", yaani wati 50 kwa kila spika kati ya nne, wakiamini sauti itapanda. Namba hiyo ni ya kilele cha kufumba na kufumbua. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14 hivi. Kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), redio bila amplifaya ya pembeni, yaani kifaa tofauti cha kuongeza nguvu ya sauti, kwa kawaida hutoa takriban wati 20 tu, mpya au ya kiwandani. Mara nyingi tatizo ni spika: koni hafifu ya karatasi, sumaku ndogo, mlango unaotetemeka. Anza na spika za mbele. Ukitaka nguvu zaidi, funga amplifaya kwa waya wake kutoka betrini, na fyuzi karibu kabisa na betri. Tafadhali fyuzi hiyo usiiache. Waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kuungua.