Kijiji cha India: idadi ya watu, barabara na tunayoyakosea

Taarifa za kijiji kidogo cha India hufanana: watu kadhaa, kaya kadhaa, stesheni ya treni iko kilomita kadhaa. Tatizo liko kwenye usomaji wetu.

Dhana: Kijiji ni mahali wanapoishi watu.
India, kijiji kwanza ni kipande cha ardhi chenye mipaka kwenye daftari la kodi ya ardhi. Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji karibu 641,000, na zaidi ya 43,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Kwenye daftari kijiji cha namna hiyo huitwa *be-chirag*, yaani kisicho na taa. Kwingine kijiji kimoja kina vitongoji vingi vilivyotawanyika, na ile namba unayoisoma ni jumla ya vyote.

Dhana: Hiyo ndiyo idadi ya sasa.
Aghalabu ni ya 2011. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Uviko, na kuhesabu watu kukapangwa upya hadi 2027. Halafu ile asilimia ya wanaojua kusoma huhesabiwa kwa wenye miaka 7 na zaidi tu, kwa hiyo usiizidishe na idadi yote ya kijiji.

Dhana: Idadi ya watu na barabara ni habari mbili tofauti.
Hapa ndipo penye uzito. Desemba 2000 serikali kuu ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kipimo chake ni vichwa: makazi ya watu 500 au zaidi kwenye tambarare, 250 milimani na kwenye majangwa. Na kinachopimwa ni kitongoji, si kijiji kizima. Ndiyo maana kijiji cha watu 1,500 kinaweza kuwa na kitongoji chenye lami na kingine, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kinachokwama kwenye tope kila masika. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa 2024, imelenga makazi 25,000 yaliyobaki, kwa idadi ya watu ya 2011! Waliozaliwa baadaye hawakuhesabiwa.

Dhana: Kikiandikwa "kimeunganishwa", gari linafika mlangoni.
Kwenye tambarare, kitongoji kilicho chini ya mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima huhesabiwa kimeunganishwa. Milimani ni kilomita moja na nusu, kwa njia ya mguu. Basi ni suala jingine. Vijiji vingi vya jimbo la Maharashtra hutegemea basi la serikali linalolala kijijini usiku na kuondoka alfajiri. Ukilikosa, unabanana kwenye jipu la abiria. Kule Saurashtra, Gujarat, kuna *chhakda*: mbele pikipiki, nyuma mkokoteni, ndugu wa guta la Dar es Salaam. (Bajaji yetu nayo jina lake limetoka kwa kampuni ya India.)

Dhana: Stesheni yenye jina la mahali iko mahali hapo.
Ukiona neno "Road" mwishoni mwa jina, uliza kwanza. Ukishuka Ranchi Road, mji wa Ranchi bado uko zaidi ya kilomita 40.

Dhana: Dashrath Manjhi alitoboa handaki.
Kisa cha Manjhi wa Gehlaur, kijiji cha wilaya ya Gaya katika jimbo la Bihar, husimuliwa vibaya mara nyingi. Mkewe, Falguni Devi, aliumia kwenye kilima kilichowatenga na huduma za upande wa pili. Baada ya mkasa huo Manjhi, kibarua asiye na ardhi, alianza kukikata kilima chenyewe. Alichoacha ni njia ya wazi, urefu mita 110, upana kama mita 9, kazi ya miaka 22, kuanzia 1960 hadi 1982. Safari kati ya Atri na Wazirganj, maeneo mawili ya wilaya hiyo, ambayo hutajwa kuwa kilomita 55, ikashuka hadi 15. Nyundo na patasi alizinunua kwa kuuza mbuzi wake.