Jumuiya ya Kujifunza ni nini, na kwa nini huanza na daftari la mwanafunzi

Jumuiya ya Kujifunza, kwa kifupi JzK, ni kundi dogo la walimu wanaokutana kwa ratiba shuleni mwao. Wanatafuta kwa pamoja sababu ya wanafunzi fulani kutoelewa jambo fulani, wanakubaliana njia moja ya kujaribu darasani, kisha wanarudi kuangalia kama njia hiyo imesaidia. Tanzania neno hili limeenea pamoja na MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Msingi wake ni kwamba mwalimu aendelee kujifunza akiwa kazini, na wanafunzi wake mwenyewe mbele yake, badala ya kungoja semina ya siku mbili wilayani ambayo huenda akaitwa mwaka huu au asiitwe.

Wengi huichanganya na kikao cha walimu. Kikao cha walimu kina ajenda na matangazo: zamu, usafi, tarehe ya mtihani, mgeni anayetarajiwa. Hayo yote yana umuhimu wake, lakini si JzK. Kwenye JzK lazima mezani kuwe na kazi ya mwanafunzi, iwe daftari, karatasi ya jaribio, insha, au hata maelezo ya mdomo yaliyoandikwa neno kwa neno. Kama mezani hakuna kitu alichokifanya mtoto, walimu wamefanya kikao tu, hata kitabu cha kumbukumbu kikisema JzK.

Mfano mmoja kwa karibu

Tuchukue walimu wanne wanaofundisha Hisabati Darasa la Pili na la Tatu. Malalamiko yao ni kwamba "watoto hawajui kutoa". Kauli hiyo ni pana mno, hakuna mtu awezaye kuandaa somo juu yake. Kwa hiyo kila mwalimu analeta daftari 6, si za wanaofanya vizuri peke yao wala za wanaoshindwa peke yao, na zote 24 zina swali moja: 42 − 17.

Kazi ya kwanza ni kuzipanga kwa mafungu kufuata jibu. Alama nyekundu haziangaliwi. Fungu la walioandika 25 linawekwa pembeni. Fungu la walioandika 59 linaeleweka haraka: wamejumlisha, kwa hiyo shida yao iko kwenye kuangalia alama ya tendo, na kukopa bado hakujahusika. Linabaki fungu la 35, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa.

Mwalimu akiwa peke yake, saa kumi jioni, na daftari 70 za kusahihisha, atatia alama ya kosa hapo, aandike moyoni kwamba hawa hawajui kukopa, na kesho arudie somo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Lakini 35 hupatikana kwa njia mbili. Mtoto wa kwanza ameona kwamba 2 haiwezi kutolewa 7, akageuza tarakimu: 7 kutoa 2 ni 5, halafu 4 kutoa 1 ni 3. Mtoto wa pili amekopa vizuri kabisa, 12 kutoa 7 ni 5, ila amesahau kwamba makumi sasa yamebaki 3, akaendelea na 4 kutoa 1. Jibu lao ni moja, lakini kila mmoja ana ugonjwa wake.

Dawa nazo ni mbili. Yule wa kwanza anahitaji vijiti: mafungu manne ya kumi kumi na vijiti viwili vilivyo peke yake, na afungue fungu moja kwa mikono yake mwenyewe ili aone vijiti 12 vikitokea. Yule wa pili ameshaelewa hilo. Anachohitaji ni mazoea ya kukata 4 na kuandika 3 juu yake kabla hajagusa mamoja. Ukimrudisha kwenye vijiti unampotezea wiki nzima, na ukimpa yule wa kwanza kanuni ya kukata tarakimu, ataikata bila kujua kwa nini, na mwezi ujao atakata hata mahali pasipohitaji kukopa.

Walimu wanne wakitazama pamoja wanaweza kugundua jambo lingine, kwamba swali lenyewe lina kasoro. Tarakimu za mamoja zikipishana kwa 5, kama 2 na 7 au 3 na 8, makosa haya mawili hutoa jibu lile lile na mwalimu hana namna ya kuyatenganisha. Wakibadili swali liwe 52 − 18, aliyegeuza tarakimu atapata 46, aliyesahau kupunguza makumi atapata 44, na aliyepata ataandika 34. Swali moja ubaoni, dakika tatu, na mwalimu mwenye watoto 70 anajua nani akae kundi gani. Mtu mmoja kuligundua hilo si rahisi, kwa sababu aliyetunga swali analitazama akiwa tayari ana jibu sahihi kichwani.

Saa moja inavyotumika

Saa moja inatosha, na dakika 50 pia zinatosha kama watu wamefika na daftari mkononi. Dakika 10 za kwanza ni za kupanga mafungu bila maoni. Zinazofuata 20 ni za fungu moja tu, lile lenye watoto wengi, kwa swali moja: mtoto huyu alikuwa anafikiri nini alipoandika hivi? Kisha dakika 15 za kuandaa kipande kifupi cha somo ambacho kila mmoja atakifundisha wiki hiyo, na dakika 5 za kuandika kumbukumbu.

Kumbukumbu ziwe fupi, mistari minne: kosa lililoonekana, chanzo kinachodhaniwa, kitakachojaribiwa, na tarehe ya kurudi na daftari mpya. Mstari wa nne ndio unaopotea mara nyingi, na ukipotea, kundi halitajua kamwe kama lilichokiamua kilisaidia. Katika kikao kinachofuata, daftari za watoto wale wale zinarudi mezani kabla ya jambo jipya kuguswa.

Idadi inayofaa ni walimu 3 hadi 8. Wakifika 15, watazungumza watatu na wengine watasahihisha kazi zao chini ya meza. Anayeongoza si lazima awe mkuu wa shule. Mara nyingi ni afadhali asiwe yeye, kwa sababu ni vigumu kumwonyesha mkubwa wako wa kazi daftari zinazothibitisha kwamba somo lako la Jumanne halikueleweka. Kazi ya mkuu wa shule ni nyingine na ni nzito: kuhakikisha ratiba inawapa walimu wale saa ya pamoja, na kutoichukua saa hiyo kila linapotokea jambo. Shule zenye zamu mbili za wanafunzi huumia hapa, kwa sababu walimu wa asubuhi na wa mchana hupishana mlangoni. Njia inayowezekana ni kukutana katika ile nusu saa ya kupishana, mara mbili kwa wiki, na kuigawa kazi sehemu mbili.

Kuingia darasa la mwenzako

Hatua inayofuata ni walimu kuandaa somo moja pamoja, mmoja alifundishe, wengine waketi darasani. Wajapani wamelifanya hili kwa zaidi ya karne moja na kuliita jugyō kenkyū, utafiti wa somo. Nchini Kenya, mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani uliwazoesha walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari mzunguko wa kupanga, kutekeleza, kutazama na kuboresha.

Kinachotazamwa ni wanafunzi. Hili lisisitizwe kila mara, maana walimu wengi wamemwona mtu ameketi nyuma ya darasa lao siku ya ukaguzi tu, na mwili unakumbuka. Kila mtazamaji apewe watoto 4 au 5 anaowajua kwa majina, aketi pembeni anapoona daftari zao, na aandike walichofanya na dakika walipokwama: "Dakika ya 12, amefungua fungu la kumi, amehesabu 11, amerudia." Asimsaidie mtoto na asimnong'oneze mwalimu. Katika kipindi cha dakika 40, watazamaji watatu wataleta habari ambazo mwalimu aliyesimama mbele asingeweza kuziona hata angekuwa hodari namna gani.

Mazungumzo ya baadaye yaanze na aliyefundisha, halafu kila mtazamaji asome alichoandika. "Somo lilikuwa zuri" haimsaidii mtu. "Ulisema neno tarakimu mara nyingi na watoto wangu wanne walikuwa wanaangaliana" inasaidia. Kwa kuwa somo waliliandaa wote, kasoro nayo ni ya wote, na hilo humpa nafuu kubwa aliyesimama mbele.

Mambo yanayoiua

La kwanza ni kulaumu darasa la chini. Mwalimu wa Darasa la Nne akisema "hawa waliharibiwa tangu la pili" mbele ya mwalimu wa la pili, kundi limekwisha siku hiyo. La pili ni posho: JzK ikianzishwa na mradi unaolipa nauli na soda, mradi ukifungwa nayo hufungwa. La tatu, ambalo halionekani haraka, ni kundi la WhatsApp kuchukua nafasi ya mkutano. Kundi hilo ni zuri kwa kutumiana picha za zana na maandalio ya masomo, lakini watu kumi wakituma picha, hakuna daftari hata moja linalojadiliwa kwa dakika 20. Halafu picha ya kazi ya mtoto yenye jina lake, ikishatumwa huko, hairudi. Jina lifunikwe kabla ya kupiga picha.

Shule yenye walimu watatu kwa madarasa saba haina wenzake wa somo. Hapo ndipo shule jirani za kata moja hukutana mara moja kwa mwezi, mara nyingi Afisa Elimu Kata akisaidia kupanga siku. Kama umbali ni mkubwa, walimu watatu wa masomo tofauti bado wanaweza kukaa pamoja, maana wanafundisha watoto wale wale. Mtoto anayeshindwa fumbo la Hisabati mara nyingi ameshindwa kusoma sentensi yake, na mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayeliona hilo.

Kwenye sekondari za Tanzania ushirikiano huu wa masomo tofauti una uzito wa pekee. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika Kidato cha Kwanza, na Biolojia, Fizikia na Jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Biolojia akimkabidhi mwalimu wa Kiingereza maneno 15 ya mada inayokuja, wiki moja kabla, yakafundishwa kwenye vipindi vya Kiingereza kwa matamshi, tahajia na sentensi, mada itaanza na wanafunzi ambao tayari wameyasikia maneno yake. Gharama yake ni nusu ukurasa wa karatasi.

Walio nje ya ofisi ya walimu

Mzazi huitwa shuleni kwa mambo mawili, michango na makosa, ndiyo maana wengi hawaji. Ukitaka mzazi ashiriki katika kujifunza, mpe jambo moja dogo linalotendeka: mtoto asome kwa sauti dakika 10 kila jioni, mtu yeyote nyumbani amsikilize. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kusema "hapo umesitasita, rudia". Kumwambia mzazi kwamba mwanawe ni mzito hakumpi kazi ya kufanya. Kunampa aibu, naye ataishusha kwa mtoto. Ujumbe ufike pia wakati mambo yamekuwa mazuri.

Utoro una watu wake: mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na kamati ya shule. Lakini kabla ya kupeleka orodha ya majina, mwalimu wa darasa atazame kitabu cha mahudhurio kwa siku za wiki. Mtoto anayekosa kila siku ya gulio anauza au anabaki na mdogo wake mama akienda gulioni, na mazungumzo na mama huyo si sawa na mazungumzo kuhusu mtoto anayetoroka ovyo. Mtoto anayekosea anaponakili kutoka ubaoni ahamishwe kiti cha mbele kwanza. Makosa yakipungua, apelekwe akapimwe macho. Kwenye hili mwalimu wa elimu maalumu, hata akiwa shule ya jirani, anajua dalili ambazo wengine tunazipita.

Mshirika anayesahaulika kuliko wote ni mwalimu wa mwaka unaofuata. Mwisho wa mwaka daftari huchukuliwa nyumbani zikawa za kufungia vitumbua, na mwalimu mpya huanza Januari hajui kitu. Karatasi moja ya makabidhiano inatosha: majina ya watoto katika mafungu matatu ya kusoma na matatu ya kutoa, yule asiyesikia vizuri sikio la kushoto, wale wawili wasiofaa kuketi pamoja, na swali la 52 − 18 limeandikwa chini, tayari kutolewa wiki ya kwanza.