Kompyuta ya Nyumbani Ikiwa Nzito, Usikimbilie Kuifomati

Tangu kampuni ya Microsoft ilipositisha masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, tarehe 14 Oktoba 2025, haipiti wiki bila mwananchi kufika kwenye dawati letu la TEHAMA hapa Kigoma akiwa na leptopu begani. Maelezo hayatofautiani sana: imekuwa nzito, inaganda, ukiiwasha unaweza kwenda kununua mkate ukarudi haijafunguka. Na karibu wote wanafika na hukumu mkononi kwamba kompyuta imezeeka. Wapo hata walioambiwa mtaani kuwa baada ya tarehe hiyo mashine itajizima yenyewe. Haijizimi. Inaendelea kufanya kazi kama jana, ila mianya ya usalama itakayogundulika haitazibwa usipojiandikisha, na hilo nitalirudia huko mbele.

Kwanza niweke wazi jambo linalotupa usumbufu. Ofisi yetu haitengenezi kompyuta za watu binafsi, haiuzi vipuri, wala haina fundi iliyemteua mtaani. Tunatoa ushauri, basi. Atakayekufuata nyumbani, iwe Gungu, Mwanga au Ujiji, akidai ametumwa kukagua kompyuta kwa sababu ya Windows 10, mwombe kitambulisho cha kazi na barua. Akikosa kimojawapo, usimfungulie kompyuta, na umpe taarifa mtendaji wa mtaa wako siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Kuna kauli mbili ambazo kwa kweli ningependa tuachane nazo. Ya kwanza ni "memori imejaa." Anayesema hivyo mara nyingi anamaanisha diski, yaani kabati la kuhifadhia mafaili, lakini akifika dukani anauziwa ramu, ambayo ni meza ya kufanyia kazi. Anarudi nyumbani na ramu mpya, na kabati lake bado limefurika. Ya pili ni ile ya kubofya "refresh" mara kumi kwenye uso wa kompyuta ili ipate kasi. Kitendo kile kinachora upya picha ndogo za mafaili zilizopo pale mbele, na hakiongezi kasi hata chembe. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakifanya hivyo kwa bidii kila asubuhi. Tuache.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya vitu vyako. Picha, vyeti, barua, hesabu za duka, vyote viende kwenye diski ya nje au flashi iliyo nzima, kisha fungua mafaili matatu manne kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Nasisitiza hili kuliko yote yatakayofuata kwa sababu nimekaa na mama mmoja aliyepoteza picha za mazishi ya mumewe. Alipeleka kompyuta kwa fundi akisema ni nzito, fundi akaifomati bila kumuuliza, na jioni akakabidhiwa mashine inayoruka kama mpya lakini tupu. Alilipia huduma hiyo. Kufomati kunafuta kila kitu, na kompyuta ikishaandikiwa Windows mpya juu yake, kuyarudisha yale ya zamani huwa ni bahati.

Ukishakuwa na nakala, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litaonyesha prosesa (ubongo wa kompyuta), ramu na diski vinatumika kwa asilimia ngapi. Iache kompyuta dakika kumi baada ya kuwaka ndipo usome. Kwa mashine za miaka kumi au zaidi tunazoletewa, mara nyingi tunachokiona ni prosesa kutulia huku diski ikiwa asilimia 100, bila mwenyewe kufungua chochote. Hapo ndipo penye ugonjwa, na inafaa ueleweke vizuri.

Diski za zamani ni sahani zinazozunguka, kwenye leptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaohama huku na huku kutafuta kipande cha faili. Kila safari ya mkono huo inachukua kama sehemu ya mia moja ya sekunde. Ni muda mfupi, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Ni sawa na kuanua dagaa waliokauka kule Kibirizi kwa kuokota mmoja mmoja ilhali mvua inakuja. Diski za kisasa zisizozunguka, zile SSD, hazina mkono wa kuhama, na hata za daraja la kawaida husoma takribani megabaiti 500 kwa sekunde pale ambapo ya kuzunguka hufikia mia moja hivi. Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya kompyuta yake kuukuu, anunue SSD. Ramu ifuate, hasa kama unayo gigabaiti 4 au pungufu, kwa sababu ramu ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka unakuwa umetwishwa mara mbili. Usinunue ramu kwa kukadiria: ramu ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la aina ya DDR4. Ichomoe ya zamani uende nayo dukani.

Umeme nao una sehemu yake. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, na kompyuta nyingi za mezani mjini hapa zimeshazimika ghafla mara nyingi zikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Kila kuzimika kwa namna hiyo kunaweza kuacha faili limeharibika, na pengine kuiumiza diski yenyewe. Ukisikia tiki, tiki, tiki kutoka ndani ya mashine, au faili linachukua dakika nzima kufunguka, usisafishe chochote. Usiipange upya diski, usiikague kwa programu nzito, usijaribu bahati. Nakili unachoweza, anzia na kile usichoweza kukipata tena, kisha izime. Diski inayokufa haina nguvu za kuvumilia usafi.

Kama diski ni nzima lakini imejaa, jitahidi ibaki na nafasi tupu ya asilimia 15 hadi 20. Pa kuanzia ni folda ya vilivyopakuliwa, ambako utakuta fomu ileile ya maombi ya mkopo wa chuo imepakuliwa mara sita, na video za magrupu ambazo hukumbuki hata kuzifungua. Kisha kwenye mipangilio ya Windows, upande wa mfumo, nenda sehemu ya hifadhi uruhusu mafaili ya muda yafutwe. Pitia orodha kabla ya kukubali, kwa sababu kwenye baadhi ya matoleo folda ya vilivyopakuliwa imo humohumo. Mafaili mengine usiyoyajua yaache. Kila mwezi tunapata mtu aliyefuta folda ndani ya Windows kwa sababu "lilikuwa kubwa na sijui kazi yake." Kutokujua kazi yake ndiyo sababu ya kutoligusa.

Rudi pia kwenye Task Manager, ukurasa wa programu zinazojiwasha, uzime zile usizozihitaji kila asubuhi: za kupigia simu, za michezo, za printa uliyoiuza zamani. Kuzima hapo si kuifuta programu, na ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Antivairasi iwe moja tu. Mbili hazikulindi mara mbili, zinakabana kwa kukagua faili lilelile. Windows 10 inakuja na yake, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha.

Vumbi nalo. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka upande wa Mwandiga alileta leptopu inayozimika kila baada ya nusu saa, akiwa ameshaambiwa ni virusi. Alitaka aone kwa macho yake, kwa hiyo tulimwelekeza namna ya kufungua kifuniko cha chini, skrubu kumi na moja, huku akizipanga kwenye kipande cha karatasi kwa mpangilio wake. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, cha rangi ya kahawia iliyoiva, kinene kama kidole. Alikivuta kikatoka kizima. Kilikuwa vumbi letu jekundu la kiangazi lililogandishwa na moshi wa jikoni, maana meza yake ya kazi ipo karibu na mlango wa jiko na nyumbani kwake wanakamua mawese. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Prosesa ikifika joto la karibu nyuzi 100 hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikishindikana mashine hujizima. Haikuwa na kirusi hata kimoja.

Ukisafisha mwenyewe, zima, chomoa chaja na uondoe betri. Tumia brashi laini kavu, na ushike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Petroli na thina hapana, hata kama fundi wa redio anavitumia. Kitambaa chenye maji hapana. Ile krimu ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza ikiwa imekauka, mwachie mwenye uzoefu aibadilishe.

Kuhusu programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha na kuongeza kasi, msimamo wetu ni mfupi: usizipakue. Na lile tangazo linalojaza skrini likisema kompyuta ina virusi na upige namba fulani ni utapeli, lifunge.

Vivyo hivyo Windows na programu "zilizovunjwa" zinazouzwa kwenye flashi. Wananchi wengi wanadhani ni suala la bei tu. Programu ya kuvunja leseni hukutaka kwanza uzime antivairasi, kisha unaipa mamlaka yote ya mashine, na ndani yake mara nyingi kuna mgeni anayekula prosesa usiku kucha. Zaidi ya hapo ni kosa. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu ukiukaji wa haki miliki kwa kutumia kompyuta: kwa asiyefanya kibiashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayefanya biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa mwenye haki. Kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo kinahusu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kumpa fundi kompyuta aisafishe vumbi si kumpa idhini ya kufungua picha zako.

Mafundi nao wafahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Kufichua taarifa za mteja kinyume cha sheria hiyo, kwa mtu binafsi, ni faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Nakala ya kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mteja ni taarifa binafsi, hata kama ziliachwa wazi kwenye kompyuta.

Kwa Windows 10 yenyewe zipo njia tatu. Microsoft imeweka utaratibu wa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, ramu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane. Ukikuta yako haimo, usilipie mtu wa "kuilazimisha." Njia ya tatu ni Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ambayo ni bure kisheria, inaridhika na ramu ya gigabaiti 4, na kwa kuandika barua, kuingia kwenye mifumo ya Serikali na kutazama video inatosha. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Windows 7, ambayo bado tunaiona, iliachwa tangu Januari 2020, na mwenye nayo asiingie kwenye akaunti ya benki.

Unapompelekea fundi, andikeni karatasi: aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, kinachotakiwa kufanywa, na maneno "isifomatiwe bila idhini ya mwenye mali." Kila mmoja asaini na kubaki na nakala. Toka kwenye akaunti zako za barua pepe na benki kabla hujaikabidhi, na ukirudishiwa ubadilishe nenosiri. Akibadilisha diski, dai ile ya zamani hata kama ni mbovu. Ni mali yako na mafaili yako bado yamo. Isitupwe jalalani wala kuchomwa nyuma ya nyumba, kwani tangu 2021 taka za vifaa vya umeme na elektroniki zina kanuni zake, na ukusanyaji wake unahitaji kibali. Mwalimu wa Mwandiga, aliyeweka SSD baadaye, ameifunga ya kwake kwenye bahasha ya kaki, ameandika tarehe, na ipo kabatini pamoja na hati ya kiwanja.