Feri inayopiga mbali si lazima iwe inasamehe

Kwenye uwanja wa gofu wa Lubumbashi, mchezaji wa handikapu ya 15, yaani wa kiwango cha kati, akitafuta feri (fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma) zilizokwisha kutumika huambiwa aache za zamani: namba 7 mpya inaupeleka mpira mbali, basi inasamehe zaidi, yaani haiadhibu sana pigo lililokosea katikati. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Umbali huo mwingi wake unatoka kwenye pembe ya uso wa feri: nyuzi zikiwa chache, uso husimama wima zaidi na mpira huenda mbali. Zamani namba 7 ilikuwa na nyuzi 34 au 35 hivi; leo zipo za 28 au 29, yaani namba 5 ya zamani, fimbo ya kupiga mbali zaidi, iliyoandikwa 7.

Kusamehe kunategemea uzito umewekwa wapi. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya vifaa vya gofu ya Ping, alitoa chuma katikati ya mgongo wa feri na kukisogeza kwenye kingo. Ukipiga kwa ncha badala ya katikati, kichwa hakipindiki sana, na mpira haupotezi njia wala nguvu nyingi. Ping Eye 2, iliyotoka mwaka 1982, imejengwa hivyo, na inasamehe kuliko feri nyembamba ya mwaka huu, hata ile inayong'aa ya bei ya kutisha.

Kwa hiyo geuza feri uangalie mgongo: uwe umebonyea, na wayo, yaani sehemu ya chini ya kichwa, uwe mpana kiasi usizame udongoni wakati wa mvua. Uliza pia ugumu wa mpini. Mikwaruzo haina neno. Mpira wa kushikia ukiisha hubadilishwa. Ukichanganya seti mbili, pima pembe kwanza, la sivyo mipira ya namba 6 na ya namba 7 itaangukia mahali pamoja.