Santuri orijino au toleo jipya? Tuanze na albamu ya kwanza ya Elvis

Wadau wengi wanaoniletea mashine zao za santuri kutengeneza huwa wananiuliza, eti rokenroli ya miaka ya 50 ukiisikiliza kwenye santuri orijino na kwenye toleo jipya la juzi juzi, ipi ina sauti nzuri zaidi? Na mi nawarudishia swali, orijino ipi na jipya la nani? Manake mwaka peke yake haukwambii kitu. Kinachoamua ni tepu iliyotumika, fundi aliyechonga michirizi inayobeba sauti, na sindano zilizopita juu ya hiyo sahani kabla haijafika kwako.

Chukua albamu ya kwanza ya Elvis, kampuni ya RCA Victor waliitoa Machi 1956, namba yake LPM-1254. Nyimbo 12. Saba RCA walizirekodi wenyewe Januari mwaka huo kule Nashville na New York, tano zilizobaki zilitoka Memphis kwa Sam Phillips wa studio ya Sun, ambaye alimuuza Elvis kwa RCA Novemba 1955 kwa dola 35,000 pamoja na tepu zake. Sasa yule Phillips alikuwa na mchezo wake, anachukua sauti anaipitisha kwenye mashine ya pili ya tepu, ile Ampex, na kwa kuwa kile kichwa cha kurekodi na kile cha kusomea vimeachana kidogo, sauti inarudi imechelewa kijisekunde, ndo unapata ule mwangwi mfupi wa kupiga kofi. RCA hawakujua anaufanyaje, kule Nashville wakaishia kutumia korido ya jengo kutengeneza mwangwi wao. Kwa hiyo ndani ya sahani moja una vyumba tofauti kabisa, na hicho ndo kipimo changu, santuri ikiwa nzuri unavisikia, mwangwi wa Sun uko karibu na mkavu, wa RCA umetanuka na una unyevunyevu. Santuri ikiwa mbovu vyote vinakuwa supu.

Na supu mbaya kuliko zote haikupikwa leo, ilipikwa 1962! Stirio ilikuwa imeshika soko, RCA wakaitoa tena albamu hiyo hiyo kama LSP-1254(e), hiyo herufi "e" manake stirio ya kutengenezwa kwa umeme. Muziki ulirekodiwa mono, hakuna kushoto wala kulia, wao wakagawa tu, besi huku, sauti kali kule, wakaongezea na mwangwi juu ya mwangwi. Ukiona "e" kwenye kava, hata muuzaji akuapie kuwa ni ya zamani, iache. Hapo toleo jipya la mono linaishinda asubuhi na mapema.

Haya, orijino ya mono je? Ikiwa safi, aisee ina kitu. Tepu ilikuwa bado mbichi siku inachongwa, ngoma zinakuja mbele, sauti ya mtu ina mwili. Tatizo ni hilo neno "ikiwa". Hizi zilikuwa santuri za vijana, zilichezwa kwenye pati kwa mashine ambazo mkono wake uliikandamiza sahani kwa gramu 8, 10, hata zaidi, wakati leo tunaweka gramu 2 hivi. Iinamishe chini ya taa kali uangalie michirizi, ikiwa imefifia rangi ya kijivu badala ya kung'aa nyeusi ujue kuna sindano imeilima, na hakuna sabuni itakayorudisha kilicholika, utaisikia pale mwimbaji anapopandisha sauti inapasuka pasuka. Zile ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, ndo usiseme, kampuni kadhaa za Marekani zilizitengeneza kwa polistireni badala ya vinaili, na hiyo plastiki inaisha haraka hata kama kwa macho inaonekana mpya.

Kuna dawa kidogo lakini. Santuri za mono za enzi hizo zilitengenezewa sindano nene ya maikroni 25, za stirio ni kama 18, kwa hiyo ukiweka ile nene inakaa juu zaidi kwenye mchirizi na mara nyingine inakuta ukuta ambao haujaguswa sana. Halafu bonyeza mono kwenye amplifaya, kama kitufe kipo, kelele nyingi za mikwaruzo ya juu na chini zinajifuta zenyewe.

Tuje kwa mapya, huku ndo watu wanapigwa. Ulaya rekodi za kabla ya 1963 nyingi ulinzi wake wa hakimiliki uliisha baada ya miaka 50, na walipoongeza kuwa 70 zile zilizokwisha hazikurudishwa, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kufyatua Elvis au Little Richard bila kugusa tepu ya masta, ile ya kwanza kabisa ya rekodi. Anachukua sidii, anaichonga, anaandika gramu 180 kwenye stika, anauza. Gramu 180 ni uzito wa plastiki jamani, hauongezi besi! Mara nyingi unachonunua hapo ni sidii yenye vumbi.

Ila dijitali yenyewe siyo dhambi. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa upya santuri za zamani, mwaka 2022 ilibidi wakiri kwamba matoleo yao mengi yaliyosifiwa kuwa ni tepu tupu (ndo wanaita analogi) yalipitia hatua ya dijitali, na wataalamu wa masikio ya dhahabu walikuwa wameyasifia miaka yote hiyo hawajagundua lolote. Kwa hiyo kazi ya fundi na ubora wa chanzo vinabeba uzito kuliko neno "analogi" kwenye kava.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, sawazisha sauti kwanza, manake sikio linapenda chenye kelele zaidi na toleo jipya mara nyingi limechongwa kwa nguvu. Punguza hilo la nguvu mpaka zilingane ndo uhukumu.

Kuna wasanii ambao orijino ndo itabidi uitafute tu. Juni 2008 moto uliunguza ghala la tepu la Universal kule Hollywood, na New York Times mwaka 2019 wakaripoti kuwa masta za kampuni ya santuri ya Chess, nyumbani kwa Chuck Berry, zilikuwemo humo, Universal wenyewe wakapinga ukubwa wa hasara. Kwa hiyo 45 ya Chess ambayo michirizi yake bado inang'aa mi naichukua hata kama kava limechanika, ila Elvis nachukua toleo jipya la mono lililotoka kwenye tepu, na hela inayobaki nanunulia sindano.